Kabla Hamjatoa Damu: Wachumba na Kipimo cha Selimundu

Nairobi tuna tabia moja: kadi za harusi zimeshachapishwa, mahari imeshalipwa nusu, ndipo mtu anauliza, "Kwani kwenu kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi?" Kufikia hapo jibu lolote litauma. Pimeni kabla ya posa.

Na kabla ya kupima, kaeni chini ya mti pale Arboretum, mbali na mashangazi, mwulizane: tukikutwa sote AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu, tutafanyaje? Tutaoana na kuzaa? Tutaoana bila kuzaa? Au tutaachana? Nimewahi kuona bahasha ya maabara ikikaa siku tatu juu ya friji, haijafunguliwa, kila mmoja akimngoja mwenzake aishike kwanza. Hawakuwa wamezungumza lolote kabla, sasa hata salamu zilikuwa nzito.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwenye AS si mgonjwa, amebeba jeni moja tu. Wawili wa AS wakipata mimba, uwezekano wa mtoto mgonjwa, yaani SS, ni asilimia 25; wa kubeba jeni kama wazazi wake ni 50; wa kutorithi kabisa ni 25. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kifungua mimba akizaliwa mzima, hajamkinga mdogo wake.

Kujua wewe ni O+ hakukusaidii hapa, hilo ni kundi la damu. Kile kipimo cha bei nafuu kiitwacho "sickling test" nacho hakitofautishi AS na SS. Ombeni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini kwenye damu, na aliyeongezewa damu miezi ya karibuni aseme mapema, maana damu ya mtu mwingine hupotosha majibu.

Jiandaeni pia kwa lawama. Wenye asili ya Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria ndio hunyooshewa kidole. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba jeni hiyo moja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana imeenea palipo na mbu wa malaria. Mama mkwe akisema "damu mbaya imetoka kwao", mkumbusheni kwa heshima kwamba mtoto wa SS amechukua kwa baba na kwa mama.

Kubalianeni nani ataambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, ila sheria haiingii kwenye WhatsApp ya kamati ya harusi. Majibu myafungue mkiwa wawili, si mmoja akisomewa kwa simu ndani ya matatu ya Rongai.