Chanjo ya mkanda wa jeshi na afya ya moyo

Ikiwa umetimiza miaka 50, au unamtunza mzazi aliyevuka umri huo, muulize daktari kuhusu chanjo ya mkanda wa jeshi, kwa sababu huenda manufaa yake yakafika mbali kuliko ngozi. Kirusi kinacholeta ugonjwa huu ni kilekile cha tetekuwanga, ambacho hujificha katika neva kwa miongo mingi, na kinapoamka, malengelenge yakajipanga upande mmoja wa kiwiliwili, kinaweza pia kuingia katika kuta za mishipa ya damu, kikaleta uvimbe na kuchochea damu kuganda. Ndiyo maana hatari ya kiharusi huongezeka katika wiki za mwanzo baada ya ugonjwa, hasa malengelenge yakitokea karibu na jicho.

Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2025, uliohusu watu zaidi ya milioni 1.2 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ulionyesha kuwa hatari ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu ilikuwa ndogo kwa asilimia 23 miongoni mwa waliochanjwa. Huo ni uhusiano tu, si uthibitisho, kwa hiyo dawa za shinikizo la damu zisiachwe.

Jambo moja nalisisitiza: chanjo isiyo na kirusi hai hutolewa kwa dozi mbili, kwa kawaida zikiachana kwa miezi 2 hadi 6, na ni rahisi mno kuisahau ya pili, andika tarehe yake siku ileile unapochomwa ya kwanza.