Namna ya Kufufua Pikipiki ya Spoti ya Zamani: Honda CBR600F ya Miaka ya 1990

Honda CBR600F ya kati ya 1995 na 1998, ile ambayo wapenzi wake huiita F3, bado ni chaguo zuri kwa mtu anayetaka spoti halisi bila gharama ya pikipiki mpya. Injini yake ya silinda nne, yenye cc 599, hupozwa kwa maji na kulishwa na kabureta nne, na ikitunzwa hudumu sana. Tatizo ni kwamba nyingi zimekaa miaka bila kuendeshwa, na mnunuzi, akishalipa fedha zake, hutamani kupiga stata siku hiyohiyo na kupeleka bodi za plastiki kwa mpaka rangi. Ninashauri kinyume chake: anza na breki na tairi, uje kwenye mafuta na injini, na rangi iwe ya mwisho kabisa, kwa maana pikipiki inayozidi kilomita 200 kwa saa haimsamehe mtu aliyepuuza breki.

Kwanza linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na namba iliyoandikwa kwenye kadi. Kama uhamisho wa umiliki haujakamilika TRA kwa aliye Tanzania, au NTSA kwa aliye Kenya, ukamilishe kabla hujanunua spea hata moja.

Tairi husomwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2309, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya namna hiyo, hata kama meno yake yamejaa, mpira wake umekwisha kukauka na hautashika lami yenye maji. Mimi huondoa kila tairi iliyozidi miaka sita. F3 hutumia 120/60 ZR17 mbele na 160/60 ZR17 nyuma, na upepo ni psi 36 mbele na psi 42 nyuma.

Breki zinahitaji subira zaidi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo hula polepole aluminiamu ya kalipa, yaani kibanio chenye pistoni zinazosukuma pedi za breki, hasa kwa pikipiki iliyokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam karibu na chumvi ya bahari. Ondoa pedi, kisha bana mkono wa breki taratibu ili pistoni zisukumwe nje na mafuta yenyewe. Kazi hii ifanyike kabla ya kufungua bomba, kwa sababu ukishalifungua utalazimika kutumia upepo wa kompresa, na pistoni inaweza kuruka na kuvunja kidole. Pistoni zikitoka, utaona mfereji mwembamba ambamo sili ya mpira hukaa. Mara nyingi chini ya sili pamejengeka ukoko mweupe mgumu, na huo ndio unaoisukuma sili ibane pistoni isirudi. Ukwangue kwa kijiti cha mti au shaba laini, kamwe si kwa bisibisi, kisha funga sili mpya zilizopakwa mafuta safi ya breki. Jaza mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, toa upepo wote, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Mabomba ya mpira ya tangu kiwandani nayo yabadilishwe bila mjadala.

Sasa petroli. Ile iliyolala miaka hugeuka gundi inayonuka kama rangi, kwa hiyo mwaga yote na umulike ndani ya tangi kwa tochi uone kama kuna kutu. Kabureta zishushwe zote nne pamoja. Skrubu zake ni za kipimo cha Kijapani, JIS, ambazo kwa macho hufanana na nyota ya kawaida, lakini bisibisi ya kawaida huteleza na kula kichwa. Tafuta bisibisi yake mapema. Toa jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, iinue kuelekea mwanga, na utazame tundu lake: kama huoni duara safi, imeziba, na pikipiki haitatulia isipopewa gesi. Loweka kwa dawa ya kabureta na upulize kwa upepo, wala usichokoe kwa waya, kwa kuwa tundu likipanuka kidogo tu kipimo cha petroli kimeharibika. Fundi wa bodaboda anaweza kuwa hodari kabisa wa kabureta moja, lakini nne husawazishwa kwa geji za mvuto wa hewa, kwa hiyo muulize kwanza kama anazo.

Injini iliyolala isiamshwe kwa ghafla. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili katika kila silinda, acha usiku mzima, kisha weka gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili na filta ndipo upige stata. Oili iwe 10W-40 yenye alama ya JASO MA, kipimo cha Kijapani cha oili ya pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea ndani yake, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Mlio wa mchakacho upande wa kulia wa injini mara nyingi hutoka kwenye kikaza cheni ya ndani ya injini, ile inayoendesha vali, ugonjwa unaojulikana wa mashine hizi, nao haufai kuachwa.

Umeme ndio unaowaacha wengi njiani. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi ikiwa imetulia, na injini ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 15. Ikipita hapo, regula, yaani kidhibiti cha chaji, imekufa. Ikiwa chini, fuata waya tatu za njano zinazotoka kwenye jenereta hadi kwenye kiungo chake cha plastiki nyeupe. Kikiwa kimegeuka kahawia au kuyeyuka, kikate na uunganishe waya upya kwa risasi ya kulehemu na mrija wa plastiki unaobana kwa joto, kabla hujanunua kitu cha bei.

Kwenye radieta usitie maji ya bomba, yanaacha magamba. Changanya kipoza joto na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Kagua pia sili za shokapu za mbele na beringi za usukani.

Baada ya kilomita 500 za mwanzo, kaza upya nati zote kwa spana ya kipimo na umwage oili tena, kisha ibadilishe kila kilomita 5,000. Cheni ipakwe mafuta kila kilomita 500 na ulegevu wake uwe kati ya milimita 30 na 40. Na kama pikipiki itakaa zaidi ya mwezi bila safari, legeza skrubu zilizo chini ya bakuli za kabureta na uimwage petroli yote iliyobaki humo.