Ukiwa na mafua usiiamini pua yako
Jamani wiki hii mafua yamenishika vibaya, pua imeziba kabisa na kazi maabara haiishi, sampuli za chokaa zimejaa mezani na umeme nao ukikatika ile feni ya kuvuta hewa inazima, basi jana nikafungua chupa ya amonia sikusikia harufu yoyote mpaka macho yakaanza kuwasha ndo nikashtuka. Sasa nyie wenzangu mnaoosha vyoo nyumbani, na hapa Tanga dirisha tunafunga kwa ajili ya mbu, ukiwa na mafua jiki mwachie mwenzio. Na hata ukiwa mzima usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, inatoka gesi ya klorini, inabana kifua vibaya sana, na jiki na amonia ni hivyohivyo, inatoka kloramini. Ikishatokea usibaki kuhangaika na ndoo, toka nje kwanza mlango uache wazi. Halafu mafundi betri wa Ngamiani, nawaomba, asidi ndo inamiminwa kwenye maji kidogokidogo, sio maji kwenye asidi, inachemka hapohapo inakurukia usoni.