Si uvivu, ni woga: namna ya kufungua tena daftari

Mdogo wangu finalisti, wewe wa mwaka wa mwisho wa sekondari, kama kila jioni unasema nitasoma kesho na kesho ikifika unajikuta WhatsApp mpaka saa sita usiku, usikimbilie kujiita mvivu. Mie nafanya enkadreman, masomo ya ziada, ya hesabu hapa Kadutu, Bukavu, na wavivu wa kweli nimewaona kidogo sana, wengi ni waoga. Mtu anafungua daftari, anamuona papa anahangaika na minervali, pesa ya shule, anawaza ile poda watu wanamwagia kichwani wenye kupita egzetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, anajiuliza kama yeye atamwagiwa, moyo unaanza kudunda, anafunga daftari na pale pale anasikia nafuu. Ile nafuu njo mtego. Akili inashika kwamba kufunga daftari kunaondoa woga, na kesho unafunga haraka zaidi.

Kwa hiyo anza na karatasi, andika unaogopa nini kabisa, usiandike "egzetat" tu. Binti mmoja niliyemsaidia aliandika "mama". Kumbe fizike haikuwa shida, shida ni kila jioni mama akirudi sokoni Nyawera anauliza wa jirani alipata pointi ngapi, hata viatu hajavua. Tulipojua hivyo akahamisha saa ya kusoma, akaanza kusoma kabla mama hajarudi, basi.

Halafu fanya mwanzo uwe mdogo mpaka uone haya. Itemu moja tu, yaani swali moja la mtihani. Na usiseme "nitasoma jioni" juu jioni ni ndefu, sema: nikirudi kuteka maji, nikiweka bidoni chini na kupangusa mikono, nafungua daftari nafanya itemu moja. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, aliandika juu ya mpango wa namna hii mwaka 1999: ukifunga kazi kwenye kitu kinachotokea kila siku, haikuombi tena ujibishane na roho yako kila mara. Siku nyingi ile moja inakuwa kumi, siku zingine inabaki moja, na hiyo pia imehesabiwa.

Mazoea yanachukua muda lakini. Wanaokuambia siku 21 waache. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake kule London, uliotoka 2010, ulipata wastani wa siku 66, wa haraka 18, na kwa wengine hesabu ilifika 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa Jumatano usitupe juma lote, Alhamisi weka bidoni chini uendelee.

Umeme ukienda usikae kusubiri, giza lina kazi yake. Funga daftari umsimulie mdogo wako ulichosoma, bila kuangalia, pale unapokwama njo pa kurudia asubuhi. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kwa hiyo rudia kesho yake, halafu baada ya siku kadhaa, kuliko kukesha usiku mmoja wa mwisho. Telefone mpe dada. Na anayekuuzia bomu, majibu ya mtihani ya kichinichini, anajua una woga, anauza woga wako.

Sasa minervali. Tangu 2019 primeri ya serikali ni bure lakini huku juu, sekondari, tunalipa, na siku ya kufukuzwa darasani juu ya minervali inauma kuliko itemu yoyote. Siku ile ile, kabla hujalala, nakili masomo kwa mwenzako, juu pengo la siku tatu njo linaleta aibu, na aibu inakurudisha kitandani. Kwa papa usiseme "nina stresi", atasikia matusi. Sema: "Papa, leo walinifukuza, masomo nimeshanakili, nakuomba uone prefe tulipe kwa transhi." Prefe ni mkuu wa shule, transhi ni kulipa kidogo kidogo.

Kitu kimoja hakitatuliwi na itemu. Kama tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mlango ukigongwa unaruka, majuma yanapita hulali, au unawaza kufa, acha kwanza mipango ya kusoma, mwambie leo leo mtu mkubwa unayemwamini akusindikize kituo cha afya, au Sosame, hospitali ya afya ya akili hapa Bukavu. Watu wanacheka jina la Sosame wakidhani ni ya wazimu tu, waache wacheke, wewe panda teksi.