Kumpeleka ndugu yako dozini: yaliyonifaa mimi

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mdogo wangu alianza kula unga, yaani heroini, akiwa kambi ya wavuvi visiwani, akarudi nao mjini, na kwa miaka nikawa namficha pochi, simu, hata sufuria. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, kila asubuhi hospitali ya Sekou Toure. Wanaokuja kuniuliza pembeni huwa nawaambia haya.

Usimfungie ndani. Mimi nilimfungia wiki nzima. Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ikamshika: kamasi, miayo, kuhara, mifupa inauma kama inasagwa. Siku ya nane akapita dirishani. Nilidhani nimemsafisha, kumbe ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Mwili uliokaa bila unga husahau kipimo, na kete ileile, kile kipakiti cha unga alichokizoea, inaweza kumuua.

Jioni hiyo tulimkuta uchochoroni anakoroma vibaya, midomo ya bluu, mboni za macho kama ncha ya sindano. Watu wakaja na ndoo ya maji na pakiti ya maziwa. Vyote havisaidii, na maziwa yanaweza kumpalia. Mwite jina, msugue kifuani kwa nguvu. Asipoitika, toa kilichomo mdomoni, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano, mwenzako akitafuta bajaji. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Mkifika hospitali semeni wazi ni unga, wampe naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga. Na akiamka msikimbilie kuondoka: naloksoni inaweza kuisha nguvu unga ukiwa bado mwilini.

Baada ya hapo nilimtafuta mwelimishaji rika. Hawa hupita maskani, vijiwe vya watumiaji, na wengi walishatumia unga wenyewe, kwa hiyo teja, yaani mla unga, hawezi kuwadanganya. Yeye ndiye aliyetufikisha kliniki. Tanzania imekuwa ikitoa methadoni tangu 2011, ilipoanza Muhimbili, na dozi ni bure.

Atapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Msifiche kitu. Kama yuko kwenye dawa za TB, semeni mapema, maana rifampisini huiondoa methadoni mwilini haraka. Atarudi nyumbani na arosto, mtadhani dawa haimfai, kumbe ni dozi ya kurekebishwa. Pombe na valiamu, ile dawa ya kutuliza na usingizi, vilevile vitajwe. Vikikutana na methadoni, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Wiki za mwanzo ni ndefu. Dozi huanza chini, inapanda kidogo kidogo. Wangu siku ya tatu aliniambia, "Dada, hii ni maji tu." Akiteleza, usimkaripie, mwambie amweleze nesi ukweli. Na kama bado anajidunga, sindano iwe mpya na yake peke yake, pamoja na maji, pamba na kifuniko cha kuchanganyia. Homa ya ini C haiambukizwi kwa sindano tu, hata kwa vifaa hivyo.

Kazi ndiyo ilitusumbua zaidi. Dozi hunywewa mbele ya nesi kila siku, wakati mvuvi wa dagaa hukaa kambini giza zima mpaka mwezi utoke. Haviendi pamoja. Akikosa siku tatu mfululizo asidai kipimo chake cha zamani. Wataanza kumpima upya, na wana sababu. Tulikubaliana aache mtumbwi kwanza, anasaidia kuanika na kufunga magunia, saa mbili asubuhi ananiachia jamvi anakwenda. Nauli ya daladala naitoa kwenye kopo kabla sijahesabu faida, na ninampa ya siku moja tu.

Waliotulia huweza kupewa dozi za nyumbani. Hizo ziwekwe chini ya kufuli, maana mkupuo mmoja wa mtu mzima unaweza kumuua mtoto. Kisanduku chetu cha bati nimeshakinunua, bado kitupu.