Kukokotoa kaboni ya saruji inayokwenda Mayotte: hatua kwa hatua ukiwa Mtwara

Mnunuzi wa Mayotte akikuomba takwimu za kaboni za saruji yako, usimtumie kipeperushi cha kampuni. Mayotte ni jirani yetu, mbele kidogo ya Ngazija, lakini tangu 2014 imo ndani ya forodha ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo sheria ya kutoza kaboni mpakani, CBAM, inaihusu, na nchi maskini kama yetu hazikupewa msamaha. Anayelipa ni mwagizaji, ila hesabu sahihi anayo mwenye tanuri. Nimetoka kumsaidia dada mmoja wa ofisi ya mauzo kuandaa hesabu hizi, nikaona niziweke hapa na wengine wazitumie.

Hatua ya 1: Namba ya forodha
Klinka (vipande vinavyotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji) ni 2523 10, saruji ya kawaida ya Portland 2523 29. Muulize mnunuzi anaingiza kiasi gani kwa mwaka. Saruji, chuma, alumini na mbolea zake zote zikijumlishwa zisipozidi tani 50 (sawa na mifuko 1,000 ya kilo 50), hadaiwi kitu, nawe ishia hapo.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi
Tiketi za mizani, ankara za gesi, majibu ya maabara. Januari hadi Desemba.

Hatua ya 3: Jiwe lenyewe
Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa hata kama moto ungekuwa wa jua. Chukua majibu ya maabara ya klinka: asilimia ya CaO (oksidi ya kalisi) zidisha kwa 0.785, ya MgO (oksidi ya magnesi) kwa 1.092, jumlisha. Klinka yenye CaO asilimia 65 na MgO asilimia 1.5 inatoa tani 0.527 za hewa ukaa kwa kila tani ya klinka. Ukiweka malighafi ambayo CaO yake haikutoka kwenye chokaa, mfano majivu, CaO hiyo ipunguze kwanza.

Hatua ya 4: Gesi
Hapa ndipo siku nzima inapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Ankara za gesi huandikwa kwa MMBtu, kipimo cha joto, na kwa kawaida joto hilo ni la jumla: limehesabu hata joto la mvuke unaotoka na moshi. Kigezo cha gesi asilia, kilo 56.1 za hewa ukaa kwa kila gigajuli, kimewekwa kwa joto halisi, bila mvuke huo. Ukivizidisha hivyo hivyo unajiongezea kaboni usiyoitoa.

Tuseme ankara ni MMBtu 1,000. Hiyo ni gigajuli 1,055. Ukizidisha moja kwa moja unapata tani 59.2. Ukishusha kwanza kwenda joto halisi, kwa gesi ni kama asilimia 90, unapata tani 53.3. Karibu tani sita zinapungua kwenye ankara moja. Hiyo 90 ni makadirio. Mwombe muuzaji cheti cha mchanganuo wa gesi, utumie uwiano ulioandikwa humo. Ankara ikiwa kwa futi za ujazo, uliza zimepimwa kwa joto na mgandamizo gani kabla hujagusa kikokotoo.

Mnaochanganya na makaa ya Ruvuma, mtego ni maji. Maabara huweza kutoa joto la makaa makavu, wakati mizani imepima lori lililolowa mvua. Punguza unyevu kwanza.

Hesabu zote nazifanya kwenye Excel. Programu za kulipia zinazokupa jibu bila kuonyesha njia sizitaki, kwa sababu mhakiki atauliza njia.

Hatua ya 5: Umeme
Kwa saruji, umeme nao unahesabiwa, tena kwenye mstari wake. Gesi ya jenereta itenge na ya tanuri. Kila moja iwe na mita yake.

Hatua ya 6: Uhakiki na kutuma
Takwimu zako za kuanzia 2026 lazima zipitiwe na mhakiki aliyeidhinishwa. Bila hivyo mnunuzi atatumia viwango vya Ulaya, ambavyo huwekewa nyongeza. Tamko lake la 2026 linatakiwa kufikia 30 Septemba 2027, na vyeti vya CBAM, ambavyo ndivyo anavyolipia kaboni, vinaanza kuuzwa Februari mwaka huo, kwa hiyo mhakiki mtafute mapema. Kwenye kipengele cha bei ya kaboni iliyolipwa nyumbani, usiandike fedha za hewa ukaa ya misitu ya vijiji. Hayo ni mauzo, na hayapunguzi deni la saruji.