Jinsi ya kuandika kiwango cha mabomba na viungio kinachopimika

Mara ya kwanza kukaa kwenye kamati ya kiufundi ya viwango nilikwenda na rasimu ya kurasa nne, imejaa "imara", "bora" na "ya kuridhisha". Mzee mmoja wa maabara akachukua kalamu nyekundu akakata karibu nusu. Akaniuliza, "Kijana, nikiletewa bomba hili kesho, nitalipima nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo naandika hivi.

Hatua ya 1: Anza na tatizo, si na karatasi

Andika kwa sentensi moja kinachoharibika huko kazini. Mfano wangu ni hesi, au thredi kama tunavyozoea kusema. Viungio vya nusu inchi vya BSP, yaani hesi za mfumo wa Uingereza zilizozoeleka kwetu, na vile vya NPT vya Marekani vyote vina hesi 14 kwa inchi. Ukivifunga vinaingia mizunguko kadhaa, fundi anadhani amemaliza. Kumbe pembe ya hesi ya BSP ni nyuzi 55 na ya NPT ni 60, tena vipenyo havilingani. Zungusha tepe roli nzima, maji yatapita tu. Niliwahi kufumua ukuta wenye vigae vipya kwa ajili ya kosa hilo. Kwenye inchi moja afadhali: BSP ina hesi 11, NPT 11 na nusu, vinagomeana mapema.

Si sisi tu. Mwaka 1904 jiji la Baltimore lilipoungua, zimamoto waliokuja kusaidia kutoka miji mingine walikuta mipira yao mingi haiungani na mabomba ya maji ya pale.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokwisha kuandikwa

Hesi zinazoziba zenyewe zimo kwenye ISO 7-1, kiwango cha shirika la kimataifa la viwango. Zile zinazotegemea washa (kipete cha kuzibia) zimo kwenye ISO 228-1. Mabomba ya maji ya polyethilini, yaani plastiki, yako kwenye ISO 4427. Ukichukua kiwango kizima, sema hivyo. Ukibadilisha kifungu, taja kipi na kwa nini.

Hatua ya 3: Geuza kila sifa iwe namba

Hapa ndipo penye kazi. Badala ya "bomba nene", andika SDR, yaani kipenyo cha nje kugawanywa kwa unene wa ukuta wa bomba. Bomba la 110 mm lenye ukuta wa 10 mm ni SDR 11. Malighafi ya PE100, aina ya polyethilini, ina nguvu ya 10 MPa (megapaskali). Gawanya kwa kigezo cha usalama 1.25, unabaki na 8. Sasa zidisha 8 kwa 20, kisha gawanya kwa SDR ukiondoa moja: 160 ÷ 10 = 16. Hilo ni bomba la kuhimili shinikizo la baa 16. SDR 17 inakupa baa 10. Mwenye kiwanda hawezi kubishana na hesabu hiyo, na mnunuzi mwenye kalipa anaweza kuikagua palepale dukani.

Chunga pia maneno. "Lazima" inaweza kuzuia mzigo bandarini. "Inashauriwa" haizuii chochote.

Hatua ya 4: Kila namba ipate kipimo chake

Andika joto, muda na mkazo. Kwa PE100, jaribio mojawapo la shinikizo la maji ndani ya bomba ni nyuzi 80 za Selsiasi kwa saa 165, mkazo ukiwa 5.4 MPa, bomba lisipasuke. Kabla ya kuandika, uliza maabara yenu kama ina tangi la kufanya hivyo. Kifungu kisichoweza kupimwa nchini kitabaki pambo.

Hatua ya 5: Alama

Fupi tu: jina la mtengenezaji, kipenyo, unene au SDR, shinikizo, malighafi, tarehe na namba ya kiwango. Kwenye valvu, alama iwe ya kuchongwa au kutoka kwenye kalibu, si stika.

Hatua ya 6: Mezani

Walete mwenye kiwanda, muuzaji, mamlaka ya maji, maabara na angalau fundi mmoja. Fundi husahaulika, na yeye ndiye anayejua valvu inavyokwama. Mtu akipendekeza vipimo vinavyofanana mno na bidhaa zake mwenyewe, mwombe sababu ya kihandisi.

Hatua ya 7: Maoni ya umma

Kamati ya WTO (Shirika la Biashara Duniani) inayoshughulikia vikwazo vya kiufundi vya biashara inapendekeza siku 60 za kupokea maoni. Tengeneza jedwali lenye namba ya kifungu, maoni, pendekezo na uamuzi wa kamati. Jibu kila mstari, hata ule ulioandikwa kwa hasira. Mstari wa namna hiyo uliwahi kunionyesha kwamba nilikuwa nimeandika kipenyo cha ndani mahali pa cha nje.